Unataka kupinga udhibiti wa silaha kwenye gazeti la chuo Marekani? Soma hapa kwanza

Makala yangu ya kwanza ilirudishwa ndani ya dakika ishirini. Nilikuwa mwaka wa pili, chuo cha serikali huko majimbo ya kati, baridi inakata masikio, nikakesha naandika maneno 1,400 kwamba udhibiti wa silaha haufanyi kazi, popote pale, haujawahi na hautawahi, nikatuma alfajiri nikalala usingizi wa shujaa. Kuamka nakuta mhariri wa ukurasa wa maoni, binti wa mwaka wa nne, kanijibu mistari miwili. Sheria ipi? Na unamwandikia nani?

Nilikasirika siku mbili nzima, nikasema hawa waliberali wananibania. Siku ya tatu nikaisoma tena ile makala, mwenyewe nikaona aibu. Yaani hakukuwa na sheria hata moja iliyotajwa kwa jina, ni hasira tu zimepangwa kwa aya. Baadaye nikaja kukaa mwaka mzima kwenye ofisi hiyohiyo, chini ya ardhi, kahawa ya jana kwenye birika, nasaidia kuchambua makala zinazoletwa, na nakwambia ukweli, kati ya kumi za kupinga udhibiti wa silaha nane zilikuwa na ugonjwa wangu uleule. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu mlioko vyuo vya huko, mnaoamini hii kitu na mnataka kuisema hadharani. Na kama wewe uko upande wa pili soma pia, utajua wenzio watakuja na nini.

Kabla hujaandika neno, fungua gazeti lenyewe. Magazeti mengi ya chuo makala ya maoni ni maneno 600 mpaka 800, barua kwa mhariri ni fupi zaidi, na ofisi nzima ni wanafunzi wenye mitihani kama wewe, ukituma 1,400 hakuna atakayekaa kukukatia, inaenda pipani. Tuma kwanza imeili fupi, sentensi tatu nne, nataka kuandika kuhusu kitu fulani, msimamo wangu huu, sababu yangu kubwa hii. Wakikubali ndo unaandika.

Sasa kiini chenyewe, na ukikumbuka hiki tu mengine yote sahau: usipinge udhibiti wa silaha, pinga sheria moja. Neno udhibiti limebeba vitu mia, kuna ukaguzi wa mnunuzi, kuna kupiga marufuku aina fulani ya bunduki, kuna umri, kuna kubeba silaha ndani ya kampasi, kuna kusubiri siku kadhaa kabla ya kukabidhiwa. Ukipinga zote kwa mpigo, msomaji anachagua ile inayoonekana ya maana kuliko zote, mfano kumzuia mtu aliyempiga mkewe asinunue bastola, anakuangusha nayo, na hapo hata hoja zako nzuri zimekufa.

Mimi safari ya pili nilichagua umri. Mswada wa kutaka mtu asiuziwe bunduki yoyote mpaka afike 21. Nikauchagua kwa sababu moja ya kihuni kabisa, wasomaji wa gazeti la chuo wengi wao wana miaka 18, 19, 20. Unawaambia habari yao wenyewe, lazima wamalize kusoma.

Na angalia jinsi sheria moja inavyokupa vitu vya kushika. Tangu 1968 sheria ya shirikisho inamkataza mwenye duka la silaha mwenye leseni kumuuzia bastola mtu wa chini ya miaka 21, kilichobaki kwa mtu wa miaka 19 ni bunduki ndefu na shotigani. Ukimfungia na hizo, maana yake ni mtu mzima anayepiga kura, anayeshtakiwa kama mtu mzima, lakini dukani hapati silaha yoyote ya kujilinda. Afu kuna historia, na historia siku hizi ina uzito mkubwa kwa sababu mwaka 2022 kwenye kesi ya Bruen Mahakama ya Juu ilisema, kwa kura 6 kwa 3, kwamba sheria ya silaha lazima iendane na mila ya sheria za nchi hiyo tangu zamani. Sasa sheria ya wanamgambo ya 1792 ilitaka kila mwanamume huru, mzungu, mwenye afya, kuanzia miaka 18, ajiandikishe na aje na gobore lake mwenyewe. Umri wa miaka 18, imeandikwa kabisa. (Ndiyo, mzungu. Mimi na wewe tungekuwa hatumo, na hilo liseme wewe kabla hujasemewa, nitalirudia chini.)

Usifiche kwamba upande wa pili nao wana historia yao. Enzi hizohizo mtu wa chini ya 21 alihesabiwa mtoto kisheria, mikataba yake haikuwa na nguvu, na mwaka 2025 mahakama moja ya rufaa iliishika hoja hiyo ikaiacha sheria ya Florida ya kutowauzia bunduki wa chini ya 21 isimame, wakati nyingine, ile inayosimamia Texas na majirani zake, wiki chache tu kabla ilikuwa imesema katazo la bastola kwa wa miaka 18 mpaka 20 linavunja Katiba. Mahakama zimegawanyika. Mwambie msomaji zimegawanyika, hakuna kitu kinampa mtu imani na wewe kama kumwonyesha sehemu unayoweza kushindwa.

Hapa kuna jambo letu sisi wageni na ni la hatari kidogo kwa hiyo twende polepole. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, ile F-1, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kuwa na silaha au risasi. Kuna vipengele vichache vya kusamehewa, mfano mwenye leseni halali ya kuwinda, lakini usijiamulie mwenyewe, tafuta wakili. Usifikiri ni mchezo. Kuna kijana alitoka Falme za Kiarabu kwa viza ya masomo, matokeo mabaya, chuo kikamwachisha, akabaki nchini, akaenda uwanja wa kulengea shabaha kupiga risasi, akashtakiwa na akahukumiwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, inaitwa Rehaif, 2019, mahakama ikasema upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba alijua kuwa yumo kwenye kundi la waliokatazwa. Kwa hiyo wewe makala yako andika, hayo ni maneno, lakini usiende kupiga picha na bunduki ya rumeti wako ili ipendeze kwenye ukurasa. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ni habari nyingine, yeye kwa sheria ya shirikisho anaruhusiwa kumiliki.

Na kama huruhusiwi, sema ndani ya makala. Mimi nilisema, sentensi moja: sheria ya nchi hii hainiruhusu kushika bunduki na sina mpango wa kuivunja. Mhariri akaipigia mstari, akasema iende juu, aya ya pili. Mtu anayetetea haki ambayo yeye mwenyewe hana husikilizwa tofauti na mtu anayetetea kabati lake.

Kwenye Katiba usijaze. Marekebisho ya Pili, 1791, yale ya haki ya kumiliki na kubeba silaha, kila mtu anayajua au anafikiri anayajua. Taja kesi ya Heller ya Mahakama ya Juu, 2008, kura 5 kwa 4, kwamba haki ni ya mtu binafsi na inahusu kujilinda nyumbani, basi. Ila tafadhali isome hukumu yenyewe, maana ndani yake jaji Scalia, ambaye watu wa silaha wanampenda kuliko babu zao, aliandika kwamba haki hii ina mipaka, kwamba makatazo ya muda mrefu kwa wahalifu wakubwa na wenye matatizo ya akili, na sheria za kuzuia silaha maeneo nyeti kama shule na ofisi za serikali, hayakuguswa. Nimeona mtu anaitumia Heller kudai abebe bastola darasani, kesho yake mwanafunzi wa sheria kajibu kwa barua ya maneno 200, kamnukulia aya hiyohiyo. Mazishi.

Takwimu. Hapa ndo wengi wanazama. Kanuni yangu mimi ni namba tatu, zisizidi, na kila namba useme imetoka wapi ndani ya sentensi. Ya kwanza iwe inayokuumiza wewe. Kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinahesabu vifo 48,830 vya bunduki mwaka 2021, na zaidi ya nusu, 26,328, ni watu waliojiua. Watu wa upande wetu wanapenda kusema "ni kujiua tu hizo", kana kwamba aliyejiua hakufa. Usithubutu. Kwenye kampasi kuna mtu anasoma makala yako ambaye rafiki yake alijiua muhula uliopita, hakika kabisa. Unachoweza kusema ni kwamba tatizo hilo lina dawa inayolilenga lenyewe: majimbo kama Washington, Virginia na Utah yana utaratibu wa mtu mwenyewe, akiwa na akili tulivu, kujiandikisha asiuziwe bunduki. Dawa hiyo haimnyang'anyi jirani yake kitu. Hapo umepinga na umetoa mbadala kwa pumzi moja.

Namba ya pili inaweza kuwa ya FBI, mwaka 2019: mauaji 13,927 kwenye jedwali lao, bunduki za rifle 364, visu 1,476. Ni hoja nzito dhidi ya kupiga marufuku AR-15, ile rifle ya kiraia inayofanana na ya jeshi. Lakini jedwali hilohilo lina bunduki 3,281 ambazo aina yake haikutajwa, na humo rifle nyingine zimo bila shaka, kwa hiyo andika "angalau 364" na uiseme ile 3,281 waziwazi. Mimi sikuiweka kwenye makala yangu maana haihusu umri. Hapo ndo utajua kama umekomaa, kuacha namba tamu kwa sababu si ya leo.

Ile ya watu milioni mbili na nusu wanaojilinda kwa silaha kila mwaka, iache. Inatokana na utafiti wa simu wa miaka ya tisini, na utafiti mkubwa wa serikali kuhusu waathirika wa uhalifu unapata idadi ndogo sana ukilinganisha. Ukiitumia utatumia nafasi yako yote kuitetea. Mfano mmoja wenye jina la mahali unatosha.

Sasa sehemu ngumu. Ukiandika kupinga miaka 21 bila kutaja Uvalde, umekimbia, na msomaji atajua umekimbia. Mei 2022, shule ya msingi huko Texas, kijana wa miaka 18, bunduki alinunua kihalali dukani siku chache baada ya kutimiza umri, akaua watoto 19 na walimu wawili. Itaje. Itaje mapema, aya ya tatu ikizidi sana, kwa maneno makavu bila kupamba. Baada ya hapo ndo una haki ya kuendelea. Unaweza kusema kwamba mwezi uliofuata Bunge lilipitisha sheria inayotaka mnunuzi wa chini ya 21 achimbuliwe hadi rekodi za utotoni, na muuzaji anaweza kusubirishwa mpaka siku kumi za kazi, kwa hiyo kuna kitu kinachochuja mtu mmojammoja badala ya kufungia rika zima. Unaweza kutaja Sutherland Springs, Texas, 2017, watu 26 kanisani, muuaji alikuwa na hukumu ya kijeshi ya kupiga familia yake, kisheria hakutakiwa kuuziwa, ila jeshi la anga halikupeleka taarifa kwenye mfumo. Sheria ilikuwepo, karani hakujaza. Na aliyemkabili muuaji nje ya lile kanisa alikuwa jirani mwenye AR-15 yake.

Unachotakiwa kukwepa ni ile sauti ya "sasa wangefanyaje". Kwa mfano askari wa Uvalde walikaa nje ya darasa zaidi ya saa moja. Hiyo ni kweli na inauma na inasaidia hoja ya mtu kujilinda mwenyewe, lakini ukiiandika kwa kebehi unaonekana unacheza juu ya kaburi.

Nilisema nitarudi kwenye lile neno mzungu. Hapa ndipo mwandishi Mwafrika ana kitu ambacho yule mvulana wa kofia nyekundu ya wafuasi wa Trump hana, na nashangaa kwa nini hatukitumii. Historia ya udhibiti wa silaha Marekani kwa sehemu kubwa ni historia ya kuwanyima silaha watu weusi. Mississippi, 1865, vita imeisha juzi tu, wanatunga sheria kwamba mtu mweusi aliyeachwa huru asiwe na bunduki bila kibali. Martin Luther King, Montgomery, 1956, nyumba yake imelipuliwa bomu, anaomba kibali cha kubeba bastola, ananyimwa. California 1967, Black Panthers, kundi la kupigania haki za weusi, wanabeba bunduki hadharani kihalali, gavana Ronald Reagan, huyohuyo Reagan, anasaini sheria ya kuwazuia. Na kesi iliyofanya haki hii iyabane majimbo na miji, McDonald, 2010, aliyeifungua ni mzee mweusi wa Chicago, Otis McDonald, mstaafu aliyechoka kuvunjiwa nyumba na hakuruhusiwa bastola. Chagua moja, mbili zikizidi, na ieleze inahusiana vipi na mswada wako: kibali kikishakuwa mikononi mwa ofisa, uliza kila siku nani ananyimwa.

Mitego mingine niipitie haraka. Chicago ina sheria kali na bado watu wanauawa, sawa, lakini bunduki nyingi zinatoka nje ya mji, Indiana iko hapo jirani, watakujibu hivyo na watakuwa sahihi. Uswisi, ule mfano wa nchi yenye bunduki nyingi na amani, watu wanapita mafunzo ya jeshi na kuna vibali, achana nayo. Hitler, usimlete kabisa, ukimleta hata mimi sisomi. Westgate sasa, hii inatuhusu, wengi tunaikumbuka, magaidi walivyovamia lile jengo la maduka Nairobi 2013, raia wenye bastola za leseni wakaingia na askari wachache kutoa watu nje kabla vikosi havijajipanga. Ni mfano wenye nguvu mno. Ila Kenya leseni ya silaha hupati kirahisi, unachunguzwa, kwa hiyo Westgate inatetea raia aliyechujwa kubeba silaha, haitetei kufuta mchujo. Ukiitumia, itumie kwa hilo tu.

Rasimu ikishakamilika mpe mtu asiyekubaliana na wewe aisome mbele yako, usimtumie. Mimi nilimpa jamaa mmoja wa Goma, alikuja kama mkimbizi akiwa mdogo, ana green card, usiku anafanya kazi kituo cha mafuta. Akasoma kimya, akakunja karatasi, akaniambia, "Yaya, weye bunduki unaionaga kwenye filamu tu. Siye tulikuwaka tunalala chini ya kitanda." Nikanyamaza. Kisha akacheka akasema barua ya kujiandikisha kwa ajili ya jeshi aliipata alipofika 18, hiyo hawakumwambia asubiri 21. Vyote viwili vikaingia kwenye makala, kwa ruhusa yake na bila jina, na cha kwanza nikakijibu kwa aya nzima: wale waliomlaza chini ya kitanda hawakununua dukani wala hawakukaguliwa na mtu, na waliokuwa ndani ya nyumba hawakuwa na kitu. Sijui kama lilimridhisha. Alisema "bon" tu akaenda zamu.

Mwanzo wa makala uandike mwisho. Wangu wa kwanza ulikuwa hivi: Tangu enzi za kale binadamu amekuwa akijilinda. Jamani. Ule uliochapishwa ulikuwa hivi: "Mwanafunzi mwenzangu ana miaka 19, anaishi nyumba ya kupanga maili 11 kutoka kituo cha sherifu, na ana karatasi ya mahakama inayomkataza mpenzi wake wa zamani kumsogelea. Mswada ulioko bungeni unamwambia asubiri miaka miwili." Sentensi mbili, na mtu keshajua umri, sheria, na anayeumia. Maili 11 nilizipima kwenye ramani, maana mhariri aliuliza, na wewe utaulizwa.

Mambo madogo ya mwisho. Kichwa cha habari hauchagui wewe, wanachagua wao, kwa hiyo omba uone kabla hakijaenda, mimi nilipewa chenye neno "bunduki kwa vijana" nikaomba kibadilishwe kwa upole na wakabadilisha. Usiahidi wala usitanie kuhusu silaha mahali popote, siyo kwenye WhatsApp ya darasa, siyo bwenini, utani mmoja unaletewa polisi wa chuo mlangoni na wewe uko kwa viza. Komenti za siku ya kwanza usizijibu. Ikija barua ya kukukosoa yenye hoja, hiyo jibu, na kama imekukamata kwenye namba omba radhi kwa imeili kwa mhariri siku hiyohiyo ili warekebishe.

Yangu ilitoka Jumatano. Mchana nikiwa kwenye foleni ya chakula mwalimu wangu wa takwimu akanigusa bega, akaniambia hakubaliani na mimi hata kidogo, afu akaniuliza ile 26,328 niliitoa jedwali gani.